Gasketi Iliyobaki

Kitinda aligongana na fundi mlangoni mwa duka la vipuri, mchana ule watu wanapopigana vikumbo. Plagi mpya ikamponyoka. Fundi akaidaka kabla haijafika chini. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imepauka kwa kufuliwa, na kucha zake, ajabu, zilikuwa safi kuliko za Kitinda.

"Hii ni ya mashine ya kukata nyasi," alisema akiigeuzageuza. "Inasumbuaje, dada?"

"Inapanda, inashuka, inataka kuzima, inapanda tena. Baba alifungua kabureta akaisafisha mwenyewe. Tangu siku hiyo haijatulia."

"Basi plagi unaionea bure. Alipomaliza kufunga, hakuna kitu kilichobaki mezani?"

Kitinda akakiri. Kilibaki kikaratasi cheusi chenye matundu, gasketi ya kuziba maungio, na baba yake, mpima ardhi mstaafu, alikitupa kwenye kopo la misumari akisema viwanda huzidisha vitu ili viuze. Kitinda aliona na hakusema neno. Katika nyumba ile baba hakosolewi. Dada zake watatu waliolewa wakamwachia yeye, kitinda mimba, mzee na bustani yake. Huu ulikuwa mwaka wa tisa. Ruhusa yake ya kutoka ilikuwa ya dukani tu, tena kwa kuhesabiwa dakika.

"Nije niitazame?" fundi aliuliza.

"Baba hapendi mafundi."

"Na simu je, anazipenda?"

Kitinda alicheka mpaka akasahau kuangalia saa.

Majuma mawili walizungumza kwa simu, yeye amejibanza nyuma ya nyumba, kanga imelowa mafuta.

"Umenyunyiza maji pale kabureta inaposhikana na injini, mpenzi?"

"Nimenyunyiza. Mlio umebadilika."

"Basi inavuta hewa hapo hapo. Rudisha gasketi."

"Nikirudisha, baba atajua alikosea."

"Kwani atakufa?"

"Wewe humjui. Atanuna mwezi mzima, na mimi ndiye ninayekaa naye."

Kisha simu ikakoma. Alipopiga yeye, haikupokelewa. Kitinda akajiambia kwamba fundi amechoshwa na mwanamke mzima anayeogopa kufungua nati mbili, na akaona fundi ana haki. Siku ya nne dada yake mkubwa akapiga kumsalimia.

"Hongera, mdogo wangu. Baba anasema fundi mmoja alipiga ulipokuwa unaoga, akamwambia umeshachumbiwa. Mbona sisi hukutuambia?"

Kitinda hakulia. Alilimwaga lile kopo, akaifuta gasketi kwa upindo wa kanga, akaiweka mashine katikati ya uwanja mbele ya kiti cha baba yake. Mzee akashusha gazeti.

"Unaharibu nini hapo?"

"Siharibu, baba. Hiki ulikisahau."

"Sikukisahau. Hakina kazi."

Kitinda alifungua kabureta, akaipachika gasketi, akakaza nati, akavuta kamba. Injini ikawaka, ikashika mlio mmoja usiopanda wala kushuka. Mzee alisikiliza muda mrefu. Kitinda alimhurumia sana, kama alivyomhurumia kila siku kwa miaka tisa.

"Ulimwambia fundi nimechumbiwa."

"Ungeondoka," mzee alisema, safari hii bila ukali. "Mimi ningebaki na nani?"

"Ningekuja kukuona, baba. Lakini hukuniuliza."

Kitinda akachukua simu ya baba yake mezani, kwa kuwa yake haikuwa ikipokelewa, akabonyeza namba aliyoijua kwa moyo.

"Nani mwenzangu?" fundi aliuliza.

"Sina mchumba. Sikuwahi kuwa naye."

"Huo mlio ni wa mashine yako? Umerudisha gasketi?"

"Mbele yake."

"Basi nije nizungumze na mzee."

Kitinda alimtazama baba yake, ambaye alikuwa akisikia kila neno.

"Njoo uzungumze na mimi," alisema. "Mzee tutamwambia tulichoamua."