Sinia la Samaki Halikufika

Tarehe ishirini na tatu Desemba, Catello Imparato hakupeleka sinia la samaki nyumbani kwa mchumba wake. Katika vichochoro vya Sanità, hapa Napoli, mwanamume asiyepeleka sinia siku hiyo hahitaji kusema neno. Amevunja uchumba. Ilipofika saa ya chakula cha jioni, mtaa mzima ulikuwa umeshajua, na mama mkwe alikuwa ameshafunga mlango kwa komeo.

Na bado Catello alimpenda Rosalba kuliko macho yake mawili. Kwa sababu hiyo hiyo hakununua samaki.

Walikutana mwaka mmoja kabla, sokoni Porta Nolana, wiki ile ya Krismasi ambayo Napoli yote hushuka kununua mikunga, samaki warefu kama nyoka. Beseni zilijaa barabarani, maji yakimwagika hadi kwenye viatu vya watu, wauzaji wakipiga kelele kama nyumba inaungua. Mkunga mmoja mnene kama mkono wa mwanamume akaruka kutoka kwenye beseni, akateleza juu ya mawe na kuingia chini ya koti la msichana mmoja. Koti lenyewe lilikuwa jekundu, la sufu, limembana kiunoni, na buti zake nyeusi ziling'aa.

"Usisogee!" Catello akapaza sauti. "Yuko katikati ya miguu yako."

"Kila mwanamume wa mji huu ana la kusema kuhusu miguu yangu."

"Mimi nasema habari za mkunga, dada!"

Akainama kumshika. Mkunga akamponyoka. Akamshika tena, akaponyoka tena, na Catello akaanguka kwenye maji na ovaroli yake ya kazi. Yule msichana akachukua gazeti kwa muuzaji, akalitandaza juu ya mkunga, akambana shingoni na kumrudisha kwenye beseni kama mtu anayerudisha soksi kwenye droo.

"Wewe ni mvuvi?" Catello akamuuliza akiwa bado amekaa chini.

"Msusi. Nimezoea vichwa vinavyokataa kutulia. Na wewe?"

"Fundi wa lifti."

"Kumbe. Ndiyo maana unapenda kwenda chini."

Jina lake lilikuwa Rosalba. Siku ile ile alimpa namba yake ya simu. Mwezi wa pili wakawa wanazungumza mpaka betri zinakufa. Mwezi wa tisa Catello akamvisha pete mbele ya Mama Nunziata, mama yake Rosalba, mjane mwenye mdomo mkali na mapishi yanayofanya watu wauvumilie ule mdomo.

Kilichobaki kilikuwa nyumba. Wakapata vyumba viwili mtaa wa Materdei, na roshani inayopata jua la asubuhi. Mwenye nyumba, Bwana Attanasio, alitaka kodi ya mwanzo, yuro elfu moja na mia nane kwa mkupuo, kabla ya saa sita mchana siku ya mkesha wa Krismasi. Baada ya hapo angesafiri kwenda kwa binti yake, na nyumba angempa mwingine.

Walikaa kwenye benchi jioni moja ya Oktoba, wakimegeana pizza ya kukaanga, na Rosalba akafuta mafuta mdomoni, akasema, "Krismasi hii hatununui kitu."

"Kitu chochote?"

"Chochote. Hakuna koti, hakuna viatu, hakuna fataki, hakuna keki za kwenye maboksi. Hakuna chupi nyekundu ya kuleta bahati ya mwaka mpya."

"Hiyo chupi nyekundu tuifikirie vizuri, laazizi."

"Hakuna, nimesema!" Akampiga bega huku anacheka. "Kila mtu anajaza nyumba kwa takataka za Krismasi. Sisi tutakuwa na nyumba yenyewe."

Wakapeana mkono kama wafanyabiashara.

Na walishika neno. Rosalba alipita mbele ya madirisha ya maduka akitazama ng'ambo ya barabara. Koti jekundu alilitia viraka ndani ambako hakuna aonaye. Catello aliacha hata kahawa ya asubuhi. Viatu vyake vilitoboka soli, akaweka karatasi ngumu ndani na kuendelea kupanda ngazi za watu.

Neno samaki halikutajwa kabisa. Rosalba hakulitaja kwa sababu kwake sinia halikuwa miongoni mwa manunuzi, kama vile mahari si manunuzi. Catello hakulitaja kwa sababu kwake samaki walikuwa wa kwanza kuachwa, maana bei ya mkunga wiki ya Krismasi hupanda kama lifti isiyosimama. Mama yake angekuwa hai, angemvuta sikio. Lakini alikuwa amekufa, na baba yake na kaka yake waliishi mbali kaskazini, Torino. Hakuna aliyemkumbusha.

Siku ya tarehe ishirini na tatu, saluni ilijaa. Wanawake walikaa na rola vichwani, mikono mapajani, midomo huru.

"Rosalba, sinia limefika?"

"Bado. Anatoka kazini mchana."

"Wa kwangu alileta asubuhi na mapema, mkunga bado anapiga mkia."

"Wako alikuwa na haraka kwa sababu alikuwa na makosa," Rosalba akajibu, na wote wakacheka.

Mchana ukapita. Akampigia Catello mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya sita. Simu ilikuwa kwenye jaketi, jaketi lilikuwa kwenye msumari, na Catello alikuwa ndani ya shimo la lifti akiwatoa watu waliokwama na zawadi zao. Wanawake saluni wakaacha kuuliza. Hapo ndipo Rosalba alipoanza kuumia, maana wanawake wa Sanità wakiacha kuuliza, wameshapata jibu.

Nyumbani Mama Nunziata alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, amevaa gauni la mahameli la zambarau na hereni za harusi yake. Alikaa hivyo kutwa nzima. Giza lilipoingia, akakunja kitambaa kimyakimya, akavua hereni, akaenda kutia komeo.

Simu ikalia.

"Laazizi!" Sauti ya Catello ilikuwa na furaha tupu. "Nimeoga, nakula mkate na jibini kama mtawa. Rosalba, fedha zimetimia! Kesho saa sita tuna ufunguo!"

Kwenye simu akasikia kiti kikiburutwa.

"Rosalba?"

"Mama amevaa gauni la mahameli tangu asubuhi."

"Kuna harusi?"

"Usinitanie, Catello. Leo usinitanie."

"Sikutanii. Gauni la nini?"

"La kukupokea wewe na sinia lako."

Catello akaacha kutafuna. "Lakini tulisema hatununui kitu."

"Nilisema koti. Nilisema fataki. Sinia si kitu!"

"Ni kitu cha yuro mia mbili, mpenzi."

"Sinia ni wewe kupita kichochoroni mchana kweupe, kila dirisha likikuona, ukisema huyu ni wangu. Hilo ndilo nilikuwa nalisubiri. Kutwa nzima nimewasuka wanawake wanaonihurumia."

"Na mimi ninayetembea na viatu vilivyotoboka kwa ajili ya nyumba yako? Hilo halionekani dirishani?"

"Halionekani! Ndiyo shida yake!"

"Basi shida ni majirani, si mimi."

"Hayo maneno," Rosalba akasema polepole, "yaweke kwenye hiyo nyumba yako, ulale nayo." Akakata.

Alipopiga tena, akapokea Mama Nunziata. "Namba hii ni ya binti aliyekuwa na mchumba," akasema. "Sasa hana." Akakata yeye pia.

Nisikilize, msomaji. Kijana alikuwa sahihi, na binti alikuwa sahihi. Watu wawili walio sahihi ndio wagumu kupatana, kwa sababu hakuna wa kuomba radhi kwanza.

Asubuhi ya mkesha Catello akatia bahasha ya nyumba mfukoni. Njia ya kwenda kwa Bwana Attanasio ilipanda kushoto. Yeye akashuka kulia, Porta Nolana.

Muuzaji akamtazama viatu, akamtazama uso. "Umechelewa, kijana. Wachumba walinunua jana. Leo nawauzia waliosahau, na waliosahau hulipa zaidi."

"Kiasi gani? Mkunga mkubwa, akiwa hai. Pweza. Ngisi. Kombe wa kutosha meza nzima. Na sinia lenyewe, na majani ya mlimau pembeni."

"Mia mbili na kumi."

Catello akasimama pale watu wakimpiga vikumbo. Alikuwa na elfu moja na mia nane, wala senti moja zaidi. Angeweza kwenda kwanza kuchukua ufunguo, kisha aende nao kwa Rosalba. Lakini alijua ufunguo utaingia mfukoni, na mfuko hauonekani dirishani. Akafungua bahasha.

Kichochoro kilimwona tangu alipopinda kona, sinia juu ya mikono miwili, soksi zikinyonya maji ya mvua.

"Catello! Leo tarehe ngapi?" mwanamke mmoja akauliza kutoka juu.

"Lifti ilikwama, bwana harusi?" mwingine akadakia.

"Mwacheni, anatembea na kalenda ya Torino!"

Alipanda hadi ghorofa ya tatu, akagonga kwa kiwiko.

"Nani?" Mama Nunziata akauliza kutoka ndani.

"Catello, mama."

"Catello yupi? Yule wa jana hakuja."

"Wa leo, mama. Na mkunga."

"Rudi naye. Wa leo hatumjui."

Akashuka. Hakuondoka. Akasimama katikati ya kichochoro, chini ya roshani, akaita kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuwaita watu waliokwama ghorofa ya saba: "Rosalba! Nimechelewa siku moja! Nilidhani naokoa fedha, kumbe natupa mtu! Wote mnasikia? Huyu ni wangu, kama bado ananitaka!"

Mlango wa roshani ukafunguka. Rosalba akatoka, nywele hazijachanwa, koti jekundu juu ya nguo za kulalia.

"Punguza sauti, wewe. Mpaka mlima Vesuvio umekusikia."

"Si ulitaka waone?"

"Nilitaka waone jana!" Alikuwa analia, na mdomo unataka kucheka. "Pweza ana kilo ngapi?"

"Mbili!"

"Muongo."

"Moja na nusu!"

Rosalba akaingia ndani. Akarudi na kile kikapu wanachoshushia kwa kamba kuchukua mkate, akakiteremsha, kikazunguka hewani, kikafika kifuani kwa Catello. Wanawake wakapiga makofi. Catello akaingiza samaki wote, mkunga juu yao amefungwa gazetini.

Kikapu kikaanza kupanda. Ghorofa ya kwanza salama. Ghorofa ya pili gazeti likalowa, mkunga akatoa kichwa, kisha nusu ya mwili.

"Anatoka! Anatoka!"

"Vuta, Rosalba!"

"Ni mzito! Siwezi!"

Ndipo Mama Nunziata alipotokea roshani akiwa na aproni, amesahau kwamba amekasirika. "Ondoka hapo, unavuta kama unasuka nywele!" Akashika kamba juu ya mikono ya binti yake, wakavuta pamoja. Kikapu kikagonga chuma cha roshani, mkunga akaruka, na Mama Nunziata akamdaka hewani kwa aproni na kumkumbatia kifuani.

Kichochoro kikalipuka. Mama Nunziata akatazama alichoshika. Akatazama majirani. Mkono uliopokea umeshapokea. Hakuna mtu wa Sanità asiyejua hilo.

"Basi panda," akamwambia Catello kwa hasira. "Na ufute miguu."

Rosalba alimpokea kwenye ngazi. Alimbusu, kisha akashika bahasha iliyochungulia mfukoni, akaipima kwa vidole.

"Umezitoa humu."

"Humu."

"Saa ngapi sasa?"

Wakakimbia wote wawili, Rosalba na koti lake juu ya nguo za kulalia. Walimkuta Bwana Attanasio mlangoni, kofia kichwani, sanduku mkononi. Alihesabu. Akahesabu tena.

"Hazijatimia."

"Zilizobaki tutaleta baada ya Krismasi," Rosalba akasema. "Baba, tafadhali. Mimi nasuka, yeye ana kazi."

"Binti yangu, kuna wengine wanasubiri, na zao zimetimia." Hakuwa mtu mbaya. Aliwatakia Krismasi njema, na alimaanisha.

Wakaketi kwenye ngazi za nyumba ambayo haitakuwa yao.

"Ungenipigia kwanza ukaniuliza," Rosalba akasema.

"Ungesema nini?"

Akafikiri kidogo, kichwa begani mwake. "Ningesema chukua nyumba."

"Kisha?"

"Kisha nisingekusamehe."

Wakafunga ndoa mwezi wa sita. Gharama ya sinia ni hii. Samaki, yuro mia mbili na kumi, wakaliwa wote usiku mmoja. Vyumba viwili vya Materdei na roshani ya jua vikaenda kwa watu wengine, na kodi ikapanda, wasipate tena vya bei ile. Wakaishi miaka minne kwa Mama Nunziata, katika chumba alicholala Rosalba tangu utoto, kwenye kitanda cha mtu mmoja, na mama mkwe nyuma ya ukuta mwembamba akikohoa kila aliposikia sauti. Miaka minne ya ndoa changa, wakicheka kimyakimya.