Fungu la Msabaha

Nilikwenda makaburini kupiga picha, basi. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka tisini na nane, magharibi inakaribia, na baridi ya Guangzhou imeniingia mpaka mifupani. Siku nzima nilikuwa soko la Shisanhang nikigombania bei za magauni, mzigo ungali haujafungwa, na mimi nimekodi teksi kumtafuta maiti. Nilikuwa nimekasirika. Nawaambieni mapema mjue kwamba sikuwa na hofu yoyote.

Maiti mwenyewe ni Msabaha, kaka yake Bibi yangu. Aliondoka Unguja kijana, mchochea makaa wa meli, akashuka China na hakurudi. Baba yao aliacha wasia: nyumba ya Mkunazini isiuzwe wala isigawanywe mpaka Msabaha arudi au kaburi lake lionekane. Kadhi naye alishikilia hapo hapo. Aliyepotea huhesabiwa hai, fungu lake huwekwa. Likawekwa, miaka nenda miaka rudi. Sasa nyumba ina ufa unaopitisha mkono, na Bibi analala chini ya ufa huo peke yake, hataki kuhama nyumba ya nduguye. Nilichotaka ni ushahidi wa kifo tu, tuuze, nimchukue Bibi kabla ukuta haujamwangukia.

Dullah, wakala wangu wa mizigo, ndiye aliyenipeleka kwa imamu wa msikiti wa zamani. Daftari la mazishi ya wageni lilikuwa limeliwa na mchwa nusu yake, lakini jina lilikuwamo: Msabaha, mtu wa Zinjibari, safu ya nyuma, karibu na ukuta.

"Fanya haraka," Dullah akaniambia langoni. "Huyu laoban, mwenye teksi, kashanuna."

Nikaingia peke yangu.

Mianzi ilikuwa ikisugua ukuta... kwii... kwii... Palinuka udongo mbichi. Palinuka na makaa ya mawe, lakini vichochoro vingi vya mji vilinuka hivyo siku zile, sikujali.

Kwenye safu ya nyuma alikaa kijana mmoja, mweusi mwenzangu, koti limempwaya, miguu haina soksi. Nikadhani ni mfanyabiashara wa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, aliyekuja kuzuru.

"Assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam. Weye mwana wa nani?"

Nikacheka. Kiunguja cha vikongwe kinywani mwa kijana wa miaka thelathini. Nikamwambia mimi Fathiya, wa Mkunazini, namtafuta babu yangu. Akasogea kidogo. Jiwe lilikuwa nyuma ya mgongo wake. Msabaha bin Gharib, kwa herufi za Kiarabu, na mwaka aliokufa.

"Alhamdulillahi," nikasema. Machozi yalinitoka kwa furaha.

Akanitazama.

"Wamshukuru Mungu kwa kuwa mtu kafa?"

Niliona haya. Nikamweleza habari ya nyumba, wasia, ufa, na fungu lililowekwa. Alisikiliza kama mtu mwenye njaa anavyosikiliza sufuria.

"Lipo bado?" akanong'ona. "Fungu?"

"Lipo. Halijaguswa."

Saa yangu ilionyesha magharibi imeingia. Nikatoa tende, nikamgawia. Huwezi kufuturu mwenzio anakutazama, hata kama ni makaburini.

"Karibu futari, kaka."

"Ntafuturu kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Unguja."

Nikajua ananitania. Nami nikamjibu kama yeyote kwetu angemjibu, mdomo tu, bila kufikiri.

"Basi ukifika, karibu nyumbani. Bibi yangu anapenda wageni."

Akasimama. Akatabasamu.

"Nshakaribia." Kisha, polepole... "Hafidha bado aogopa popo?"

Mianzi ilinyamaza.

Sikuwa nimemtajia jina la Bibi.

Tende ilinidondoka. Nikafumba macho, nikasoma Ayatul Kursi. Nilipofumbua palikuwa na jiwe tu, na ile harufu ya makaa, kali sasa, ya kukohoza. Nikakimbia. Sikupiga picha hata moja.

Dullah alinisikiliza ndani ya teksi. "Majini wamefungwa mwezi huu wa Ramadhani, dada. Hiyo njaa."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kama majini wamefungwa, yule alikuwa nani?

Xiaobei nikaingia duka la simu. Unguja ilikuwa bado mchana, saa saba na kitu. Simu iliita... ikaita... ikaita.

"Fathiya," Bibi akanong'ona. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Sema taratibu. Kaka yangu kalala."

"Bibi, toka humo ndani. Toka sasa hivi uende kwa Shamsia."

"Nitoke, nimwache na nani? Msabaha karudi, mjukuu wangu. Hajazeeka hata kidogo. Kaingia bila ya kupiga hodi. Kasema kakaribishwa."

Dada yangu Shamsia alikwenda usiku ule. Alimkuta Bibi mzima, kachangamka, anaosha sahani mbili. Mtu hakumwona. Aliona masizi kwenye mkeka, na ufa umefika darini.

Kesho yake mchana Dullah alirudi makaburini na kamera. Jiwe la jina hilo hakuliona. Aliona udongo uliotitia.

Bibi yu hai. Mbele ya kadhi alikula kiapo kwamba nduguye karudi, na mimi sina kaburi la kuonyesha; jina la daftarini peke yake halikutosha. Nyumba haigawanywi, na yeye hahami. Aliyemkaribisha yule ni mimi, kwa hiyo anayeweza kwenda kumtoa ni mimi, na siendi. Naogopa, nasema wazi. Nalala taa ikiwaka. Kila nikipiga simu tunasalimiana, anacheka, ananiuliza habari za biashara. Halafu nasikia mtu anamnong'oneza.

"Anauliza utakuja lini," husema Bibi. "Anasema si adabu kumkaribisha mgeni, halafu mwenyeji mwenyewe asionekane."