Mabati ya Séphora

Kila asubuhi Orpa alifagia uwanja wake katika kijiji cha Vulamba. Na kila asubuhi macho yalimtoroka, yakaenda kwa jirani. Nyumba ya Séphora ilikuwa na mabati mapya. Ya Orpa yalikuwa yamekula kutu. Alimwonea wivu.

Sokoni alisikia maneno: Séphora aliandikwa maskini, ndiyo maana alipewa mabati. Hakuna aliyeshuhudia, lakini Orpa aliamini yote. Basi aliposikia kwamba wapimaji wa umaskini wanakuja tena, alijitayarisha. Godoro alilificha jikoni. Mbuzi wake wawili aliwafunga nyuma ya migomba. Binti yake Joyeuse, wa miaka minne, alimvalisha gauni lililochanika.

Mpimaji alikuwa Gamaliel, mtu mpole mwenye mfuko wa karatasi.

“Bonjour, mama. Nilifikaka hapa myaka tatu imepita. Munakulaka mara ngapi kwa siku?”

“Mara moja tu. Sombe tu, majani ya muhogo bila mafuta.”

Gamaliel aliandika. Kisha akamzungushia Joyeuse utepe wa kupimia mkono. Utepe ulisimama kwenye rangi ya kijani, rangi ya afya njema. Akafungua karatasi za zamani.

“Mama, ile mwaka mukono ya huyu mutoto ilikuwa mu rouge, ile nyekundu ya njaa.”

Orpa alikumbuka mwaka ule. Joyeuse hakuweza hata kulia. Kwenye kituo cha afya walimpa maziwa, wakamfundisha Orpa kupika uji wa soya. Sasa aseme mtoto hakupona? Aibu ilimshika, lakini wivu haukumwachia.

“Lakini Séphora alipata mabati!”

“Kuandikwa hapa hapana kuleta mabati, mama. Tunauliza nyumba zilezile, maulizo yaleyale: chakula, maji, masomo, afya. Kiisha tunalinganisha. Inchi inaendelea, ao inarudi nyuma? Ukidanganya, bakubwa batasema ile uji ya soya haikusaidia mutu. Batawacha kuifundisha. Na leo batoto bengine bako mu rouge.”

“Na Séphora alisema nini?”

“Ya Séphora ni siri. Na ya kwako ni siri vilevile.”

Jibu hilo lilimchoma Orpa. Lakini aliwaza wale watoto wengine, akaenda migombani, akarudi akiwavuta mbuzi.

“Andika upya. Tunakulaka mara mbili. Godoro iko. Lakini maji, andika muzuri: ni saa nzima ya kutembea!”

Miezi ilipita. Matokeo yalisomwa mbele ya wakaaji. Watoto wengi walikuwa wamepata nguvu, lakini maji yalikuwa mbali kwa karibu kila nyumba. Kazi ya kutengeneza chemchemi ya karibu ikaanza.

Siku ya kwanza ya kuchota, Orpa alijikuta kwenye foleni nyuma ya Séphora.

“Weye hauna shida,” alisema kwa uchungu. “Uko na mabati.”

Séphora aliweka chini bidoni yake, dumu la maji.

“Mama Joyeuse, tuliuzisha shamba yetu ya kule Kamango juu ya kununua ile mabati. Tulisikia aibu, batu balikuwa banacheka nyumba yetu. Sasa tunakulaka mara moja. Kila mangaribi ninasikia harufu ya maharage yenu. Ninakuonea wivu mpaka usingizi inapotea.”

Orpa alimsaidia Séphora kujitwika bidoni yake iliyojaa, wakapanda kilima pamoja.

“Kesho tuende ku shamba yangu,” alisema mwishowe. “Kipande ya kupanda soya iko. Ulime, mavuno itakuwa yako.”