Mapovu Chini ya Mwamba

Rodrigo Barrientos alikaa ndani ya senoti, shimo la maji lenye mapango chini ya mwamba, dakika arobaini, lakini alipotoka, geji ya mtungi wake ilionyesha hewa imejaa pomoni. Fidencia Canul, kiongozi wa wazamiaji wa pale, aliisoma mara mbili. Hakuipenda.

Asubuhi walikuwa wamebishana. Rodrigo alidai ana cheti na miaka kumi na minane ya kuzamia baharini. "Dada, kiongozi ni wa watalii waoga," alimtania.

"Baharini ukibanwa unapanda juu," Fidencia alimjibu. "Humu juu ni mwamba."

Akainama kumimina sakab, uji mwepesi wa mahindi anaopewa mzimu mwenye maji kabla mtu hajaingia. Rodrigo akacheka, akajitosa peke yake bila kuusubiri.

Sasa alikuwa ameketi juani juu ya jiwe, anatabasamu. Mkewe, Ximena, alimfunika taulo.

"Mbona u baridi hivi, mpenzi?"

"Maji," alisema.

Fidencia akamvuta Ximena kando. "Usimguse. Huyu hajavuta pumzi tangu atoke."

"Unanitisha ili tukukodi kesho," Ximena alinong'ona, lakini macho yake yalikuwa yameganda kwenye kifua cha mumewe.

Ndipo wakasikia mapovu yakipasuka chini ya ukingo wa mwamba, machache, kisha kimya, kisha machache tena, na Fidencia, aliyeisikia sauti hiyo kila siku ya kazi yake, akajua kuna mtu anapumua kule ndani, na kwamba anabana hewa kwa sababu inamwishia. Akajifunga mtungi.

Aliyekuwa juani akainuka. "Usiende peke yako, dada. Nikuongoze?"

Ximena akakimbilia ngazi ya kutokea shimoni. Fidencia akammwagia yule mtu sakab yote iliyobaki, miguuni. Alipoinua macho, juu ya jiwe palikuwa na taulo tu, kavu.

Akazama. Aliifuata kamba ya kuongozea wazamiaji hadi kwenye kibao cha onyo chenye mchoro wa fuvu, ambapo viongozi wote hugeuka, naye akapita, akiogopa kuliko siku yoyote, mpaka taa yake ikamwangukia Rodrigo amejibana ukutani, mbali na kamba, yu hai. Geji yake ilikaribia sifuri. Fidencia akamnyooshea mkono.

Rodrigo alimtazama usoni, akarudi nyuma gizani. Akatoa kibao chake cha kuandikia majini, akaandika:

"Wewe ndiye uliyenileta huku. Sikufuati tena."