Maji ya Kijani Sebuleni kwa Bibi

Kila alasiri Noor alipotoka shule alivua viatu mlangoni, akampa Bibi shikamoo, akanawa mikono, kisha akaketi na sahani yake mbele ya tangi la samaki. Hapo ndipo alipokula, na hapo ndipo alipopotea. Wali aliopikiwa na mama yake ulipoa, mchuzi ukaganda pembeni mwa sahani, naye Noor yuko mbali, anaogelea chini ya mawe pamoja na samaki wekundu, mapovu ya pampu yakimtekenya masikioni.

"Mwenzetu keshasafiri," Bibi Zubeida alizoea kumtania. "Tumwekee chai, atarudi jioni."

Bibi mwenyewe alikuwa msafiri wa tangi hilohilo. Tangu alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, katika nyumba yao ya Chamazi. Siku za mwanzo alilala tu akihesabu mabati, hataki kuzungumza na mtu. Ndipo mwanawe Aidarus, baba yake Noor, alipomletea tangi la kioo na kuliweka dirishani, karibu kabisa na kitanda. Bibi akaanza kuzungumza na samaki, kisha akaanza tena kuzungumza na watu. Samaki mmoja mnene alimpa jina la Bwana Harusi, kwa jinsi alivyotembea akijionyesha.

Baba aliweka sharti moja tu. "Chakula chao nawapa mie, asubuhi, kidogo. Mtu mwingine asiwape kitu."

Sharti hilo lilimshinda Noor mapema. Katika nyumba ile haikuwezekana mtu ale huku mwenzake akimtazama. Mgeni akiingia wakati wa chakula, hata kama ni fundi aliyekuja kutengeneza bomba, aliambiwa karibu na kusogezewa sahani. Sasa samaki nao walijipanga kwenye kioo kila Noor alipokula, midomo ikifunguka na kufumba, macho hayapepesi. Noor aliona haya.

"Karibuni," alinong'ona, na punje za wali zikaingia majini. Siku nyingine kilikuwa kipande cha chapati, siku nyingine kitumbua.

Maji yakaanza kubadilika taratibu, na mwanzoni Noor aliyapenda hivyo. Jua la mchana lilipopita katika tangi, rangi ya kijani ilitandaa ukutani, ikashuka juu ya shuka la Bibi, ikapaka mikono yake. Kelele za mashabiki wa mpira kutoka uwanjani zilifika pale zikiwa zimefifia, kana kwamba nazo zinatoka chini ya maji. Noor aliamini hakuna chumba kizuri kama kile katika Dar es Salaam nzima.

Uzuri ule haukudumu. Kioo kilifanya utelezi, mawe yakaota nywele za kijani, na harufu ya ubichi ikajaa sebuleni. Samaki walipanda juu kutweta.

"Noor, hebu niangalizie," Bibi aliuliza mchana mmoja. "Bwana Harusi yupo?"

"Yupo, Bibi," alijibu Noor, ingawa alichokiona kilikuwa kivuli tu.

Ijumaa jioni Baba alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni. "Nasugua kioo, kinarudi vilevile. Mama, samahani, lakini Jumapili nawarudisha hawa kwa aliyeniuzia. Wanatufia mbele ya macho yetu."

Bibi aligeukia ukutani akajifunika kanga. Noor alipouona mgongo ule alitamani kulia, maana ndivyo Bibi alivyolala siku zile za mwanzo. Akakumbuka punje zake za wali. Lakini punje za wali zitabadilishaje rangi ya maji? Alijaribu kujipa moyo, moyo ukakataa.

"Baba, tumwulize kwanza Mwalimu Atuganile," alisema.

Mwalimu Atuganile alikuwa jirani yao, mwenyeji wa Tukuyu, aliyefundisha sayansi shuleni kwao Noor. Nyumbani kwake alifuga samaki kwenye bwawa dogo. Walimpasha habari jioni ileile, na Jumamosi asubuhi alifika na mpira mwembamba wa maji na ndoo mbili, moja imejaa maji.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniagia wenzangu?"

"Hatujafika huko, Bibi."

Alichota maji ya tangi kwa glasi, akaiweka mbele ya ukuta mweupe. "Noor, tazama. Hata kwenye glasi maji ni ya kijani. Huu ni mwani, mimea midogo mno inayoelea humu. Mwenzake ndio huu wa kwenye kioo na mawe." Alipitisha kidole kwenye kioo, kikatoka na utelezi. "Mwani huu umenenepa sana. Umeshiba jua, na umeshiba kitu kingine."

"Jua ni kosa langu, dirishani nimeliweka mie," alisema Baba. "Lakini chakula ni kidogo, asubuhi tu. Labda tuweke dawa, Mwalimu?"

"Dawa bila kujua chanzo? Samaki wenyewe wamechoka hivi! Inaweza kuwamaliza wote."

Alitumbukiza mpira hadi chini ya tangi, akanyonya taka za sakafuni zikamwagikia ndooni. Ulitoka uchafu mweusi, na katikati yake vitu vyeupe vilivyovimba.

"Huu si wali?" aliuliza.

Noor aliutambua wali wake. Akinyamaza, Baba ataweka dawa bila kujua chanzo, na Bwana Harusi hataiona Jumapili.

"Ni mie," alisema. "Nilikuwa nawakaribisha. Walikuwa wananitazama nikila. Nisamehe, Baba."

Baba alifungua kinywa, lakini Mwalimu alikuwa bado ameinamia ndoo. "Na hii je? Hii ni tende."

"Tende sijawapa!" alisema Noor.

Wote wakageukia kitandani. Bibi alivuta kanga hadi kidevuni. "Mnanitazama nini nyie? Nikinywa kahawa yangu jioni, Bwana Harusi huyo hapo mbele yangu. Nitafune peke yangu kama sikufunzwa adabu?"

Baba alicheka, kisha ghafla akaacha, akajikuna shingo. "Mie nikirudi dukani huwaga nawaongezea kidogo. Wanakuja mbio, nikadhani wana njaa."

Mwalimu Atuganile alikaa kwenye kigoda akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Jamani! Samaki hana wa kumfundisha kusema nimeshiba. Kinachobaki kinaoza, kinakuwa mbolea. Mbolea na jua, mwani utakosa nini?"

Kazi ikaanza. Baba na Mwalimu waliliondoa tangi dirishani wakaliweka kwenye kona yenye kivuli. Noor alisugua mawe kwa mswaki wa zamani, bila sabuni, mpaka vidole vikakunjamana. Walibadilisha sehemu tu ya maji, wakaongeza maji ambayo Mwalimu aliyaacha ndooni tangu jana yake ili dawa ya kusafishia maji ya bomba itoke. Mchana tangi lilifunikwa kanga, na chakula kikawa chembe chache tu. Wiki iliyofuata Noor alisugua tena, na iliyofuata tena. Mwani ulikuwa mkaidi, naye akawa mkaidi zaidi.

Alasiri moja aliondoa kanga, na Bibi akapiga kelele, "Yule pale! Bwana Harusi! Kakonda, lakini mzima!"

Noor aliketi na sahani yake kwa furaha. Samaki wakajipanga kwenye kioo. Mkono wake ukasimama njiani.

"Bibi, wananitazama. Chakula hakipiti."

Bibi aliwaza kidogo. "Basi sie ndio tuhame. Aidarus, tandika mkeka uani."

Daktari alikuwa ameshamruhusu kutembea, ila yeye alikuwa hataki. Sasa alishusha miguu, akamshika mwanawe mkono huu na mama yake Noor mkono ule, akatoka polepole hadi nje. Jua lilimpiga usoni akafumba macho, akatabasamu.

"Mjukuu wangu," alisema alipokwisha kukaa, "kumkirimu mtu ni kumpa kinachomfaa, si kumpa unachokipenda wewe. Na ukikosea, sema mapema. Mwalimu asingeweza kuwaponya wale samaki kama sote tungefunga midomo. Mie mtu mzima nilijificha ndani ya kanga, wewe ukasema."

Akaivuta sahani ya Noor, akaisogeza katikati ya mkeka. "Karibuni."