Hatua Nane na Vidole Kumi na Sita

Mwaka 1885, Mwajabu wa Kerege alikuwa akisuka ukili, mikanda ya miyaa ya kushonea majamvi, kila siku akimaliza kutwanga. Binti yake, Mina, aliugua homa siku kumi na mbili, hata watu wakaanza kunong'ona mlangoni. Mwajabu akaweka nadhiri: mtoto akipona, atautandikia msikiti jamvi jipya kabla ya Ramadhani. Mina akapona. Sasa alikula kama anayenyang'anywa, alhamdulillahi.

Wanawake hawakuingia msikitini kupima. Alikwenda mumewe, Mwinyimvua, akapima kwa miguu.

"Hatua nane," alisema.

Mwajabu akamwambia apige hatua moja uani. Akaipima kwa mkono wake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mkono wake ulikuwa sawa na upana wa vidole ishirini na vinne. Hatua ile ilikuwa mkono mmoja na vidole kumi na saba. Akazidisha mara nane. Akapata mikono kumi na mitatu na vidole kumi na sita. Akashona jamvi la kipimo hicho hicho, bila kuongeza hata kidole, akakunja upindo.

Jamvi likatandikwa kuanzia mlangoni. Lo! Likakoma karibu mkono mzima kabla ya ukuta wa kibla. Safu ya mbele walisujudu kwenye sakafu tupu. Na zilibaki siku tisa tu kabla ya Ramadhani.

Mwajabu alikwenda kwa jirani yake, Bi Sihaba, mshona majamvi wa siku nyingi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona machozi?"

"Nadhiri yangu imepunguka. Na hesabu nilipiga sawasawa!" Akamweleza vipimo vyote.

Bi Sihaba akamwita Mwinyimvua. "Hebu baba, zilikuwa hatua nane kamili?"

"Nane na kitu. Nikasema nane."

"Hicho kitu ndicho kilichokula jamvi. Sikiliza, Mwajabu. Apimaye kwa hatua hukosea hata nusu hatua, asijue. Nusu hatua yake ni kama vidole ishirini. Sasa vile kumi na sita ulivitoa wapi?"

"Kwenye hesabu, bibi."

"Hesabu haiongezi macho. Kipimo chako kilikuwa cha kukisia, basi na jibu ni la kukisia. Ungesema, 'Kama mikono kumi na minne, pengine pungufu, pengine zaidi,' na upindo usingeukunja. Ukitaka vidole, pima kwa kitu kinachoonyesha vidole."

Mwinyimvua akakuna kichwa. Akachukua kamba, akaenda msikitini, akaivuta toka mlangoni hadi ukuta wa kibla, akafunga fundo. Mwajabu akaipima uani, polepole: mikono kumi na minne na vidole kumi na viwili.

"Vidole hivi ni vya kweli," alisema Bi Sihaba.

Wakafumua upindo, wakaongeza ukili. Bi Sihaba alishona naye siku saba, mgongo ukimuuma, na hakukubali kulipwa hata kibaba cha mchele. Tangu hapo, Mwajabu akiletewa kipimo huuliza kwanza, "Umepimia nini?"

Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, Mwinyimvua alirudi kutoka msikitini. Paji la uso wake lilikuwa na alama za ukili.

"Nilikuwa safu ya mbele," alisema.

Mwajabu akazigusa zile alama kwa kidole. "Limefika ukutani?"

"Limegusa, mama Mina."

Mwajabu akacheka na kulia pamoja. "Mungu alinipa mtoto," alisema, "kisha akanipa na jirani."