Diski Iliyokuja kwa Posta

Benedicto alikutwa amelalia kibodi, kisogo kimefumuka. Damu ilikuwa imepenya katikati ya herufi ikakauka, na nzi walifika kabla ya polisi. Chini ya kiti palikuwa na stabilaiza ya umeme, ile nzito ya chuma, imefutwa vizuri kwa kitambaa.

Inspekta Likwata alisimama mlangoni ameziba pua. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, Kilwa Masoko, mwaka 2005. Daktari alisema mtu huyo alikufa jana yake, Ijumaa mchana. Alipigwa mara tatu kwa kitu butu, kwa nyuma, na mtu aliyemzoea kiasi cha kumpa mgongo.

Marehemu alikuwa fundi redio. Redio zilimpa ugali, lakini moyo wake ulikuwa kwenye tovuti. Kwa miaka minne aliandika habari za michezo ya kompyuta, kwa Kiswahili, hana tajiri wala tangazo la mtu. Mchezo mbovu aliuita mbovu. Aliandikia nyumbani kwenye kompyuta ya mtumba, kisha akabeba maandishi kwenye flashi hadi dukani kwa rafiki yake Edwin. Mtandao ulikuwa huko, na Edwin ndiye aliyeyapandisha.

Mezani palikuwa na bahasha iliyochanwa na barua. Likwata aliisoma polepole, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Watengenezaji wa mchezo mpya, huko Afrika Kusini, walimtumia Benedicto diski moja aucheze na kuuandika kabla haujaingia madukani mwezi ujao. Barua ilikuwepo. Diski haikuwepo.

Hilo halikumshughulisha mkuu wa kituo. Adhuhuri haijafika alikuwa ameshamtia ndani mke wa marehemu, Fortunata, aliyeikuta maiti asubuhi hiyo aliporudi kutoka Tingi, alikokwenda kumwangalia mama yake mgonjwa. Majirani walisema wiki iliyopita alipiga kelele uani kwamba ile kompyuta ataitwanga kwa mchi. Ikatosha. Jumanne angepelekwa Lindi mahakamani kwa kosa la mauaji. Jumapili mumewe akazikwa bila yeye.

Jumatatu asubuhi Likwata alimtoa mahabusu akamkalisha kwenye benchi. Inspekta alikuwa amebakiwa na siku moja tu.

"Mlikuwa mnagombana?"

"Nani hagombani, afande? Mwenzangu analala na kompyuta, mimi nalala na mbu."

"Ukamuua?"

"Ningekuwa wa kuua ningeanza mwaka wa kwanza."

Likwata aliuliza habari za diski. Fortunata alisema mumewe aliifuata posta Ijumaa asubuhi, akaja nayo anaibusu. Yeye alipoondoka saa sita kwenda Tingi, Benedicto ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuucheza. Angekaa nao siku nzima, kwa sababu alikuwa na sharti lake: haandiki mchezo ambao hajaumaliza.

Inspekta alikwenda posta. Kitabu cha vifurushi kilikuwa wazi kabisa: Ijumaa, saa nne na robo, sahihi ya Benedicto.

Kutoka hapo, kwa kuwa hakujua mwingine mjini ambaye diski ile ingemfaa, akaenda na Koplo Mboni dukani kwa Edwin, akiwa na hati ya upekuzi mfukoni. Edwin aliinuka haraka, akaamkia shikamoo, akawafutia viti vumbi. Alisema Ijumaa hakuwepo mjini. Alfajiri alikwenda Lindi kutafuta vipuri, akarudi Jumamosi jioni akakuta msiba. Kisha, bila kuulizwa, akaigeuza kompyuta upande wa Likwata. Palikuwa na picha ya Benedicto, chini yake tanzia, na chini ya tanzia makala mpya iliyopandishwa Jumapili jioni.

"Kazi lazima iendelee, mzee," alisema. "Tazama namba hapo chini. Jana peke yake wameingia watu mia nne. Benedicto hajawahi kufika mia nne."

 Likwata alimwomba amsomee ile makala. Edwin akasoma kwa sauti ya kujisikia. Ilikuwa juu ya ule mchezo wa Afrika Kusini: mapango yake, daraja lake, na malkia wa hatua ya mwisho na namna anavyoangushwa.

"Umeucheza mwenyewe?"

"Kwa mikono hii."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mzee. Siandiki vya kuhadithiwa."

"Diski ulipewa na nani?"

"Benedicto. Aliniazima Alhamisi."

"Alhamisi ilikuwa bado ndani ya gunia la posta. Aliitia sahihi Ijumaa saa nne na robo, na wewe ulikuwa Lindi. Jumamosi uliporudi, chumba kilikuwa na kufuli la polisi, ufunguo ninao mimi. Haya, nieleze upya."

Edwin aliitupia jicho droo ya meza. Koplo Mboni alivaa glavu, akafungua droo, akaikuta diski chini ya nyaya. Alama za vidole za marehemu zilithibitishwa juu yake baadaye, lakini Edwin hakuzisubiri. Kituoni, baada ya kupewa onyo, aliungama.

Hakwenda Lindi. Ijumaa saa nane alikwenda kwa Benedicto kuomba mchezo huo auandike yeye, kwa jina lake. Benedicto alikataa bila kuondoa macho kwenye kioo. Alimkumbusha kwamba mwezi uliopita, alipoachiwa aandike, Edwin alisifu mchezo alioucheza nusu saa tu, na wasomaji wakagundua. Akaongeza kwamba siku hiyohiyo atamwondoa kwenye tovuti.

"Miaka minne ninapandisha maandishi yake," alisema Edwin. "Jina langu liko chini kabisa, herufi za kutafuta kwa tochi. Na hilo nalo analifuta. Tena ananiambia amenipa mgongo, anacheza."

"Ukaokota stabilaiza."

"Nikaokota."

"Ukachukua na diski."

"Sasa ningeiacha ikae na maiti?"

Koplo Mboni aliacha kuandika. Likwata aliuliza mchezo wenyewe aliumaliza lini. Jumapili, Edwin alijibu. Alibeba jeneza, akatupia udongo, kisha watu walipokaa kula akachomoka. Zilikuwa zimebaki hatua mbili.

Likwata alishawaona walioua kwa ajili ya mashamba, wanawake, mikorosho. Huyu alikuwa wa kwanza wa aina yake. Alichukua funguo, akaenda kufungua mlango wa mahabusu ya wanawake.

Fortunata aliuliza mumewe kauawa kwa sababu gani. Inspekta alimweleza yote kama yalivyo.

"Kwa jina tu?"

"Kwa jina tu, mama."

Alijifunga kanga upya, akasimama.

"Basi nipelekeni kwenye kaburi lake."

Likwata alimtazama Mboni. Mboni akatazama sakafu. Hakuna hata mmoja wao aliyekwenda mazikoni. Katika kituo kizima aliyelijua kaburi lile alikuwa mtu mmoja tu, na ikabidi Inspekta arudi kwenye nondo kumuuliza.